Minervali: Wazazi Walipoibeba Shule

Nyunzu ni mji wa Kongo (DRC) ulio kwenye reli ya Kabalo hadi Kalemie, mbali sana na mji mkuu Kinshasa ambako bajeti ya elimu hupangwa.

Mwaka 1974 Rais Mobutu alitaifisha shule za makanisa. Februari 1977 makanisa yakarudishiwa usimamizi kwa mkataba. Kisha uchumi ukaporomoka. Walimu walipogoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, maaskofu na wawakilishi wa wazazi walikubaliana wazazi wachange motisha ya mwalimu.

Hivyo ndivyo nchi nzima ilivyojifunza kuchangisha. Kiasi cha mchango huo, ulioitwa minervali, kilipangwa, mkuu wa shule akakusanya darasa kwa darasa. Sehemu ilibaki kwa walimu na chaki, nyingine ikapanda ngazi hadi ofisi za usimamizi. Mtoto ambaye hajalipa alirudishwa nyumbani. Huo ulikuwa uonevu, ingawa bila pesa hiyo shule nyingi zingefungwa.

Katiba ya 2006 iliahidi elimu ya msingi bure. Utekelezaji ukaanza Septemba 2019. Kabla ya hapo, mapigano ya jamii za Watwa na Waluba yalikuwa yameteketeza vijiji na shule za Nyunzu. Hata elimu ya msingi ilipokuwa bure, sekondari ilibaki ya kulipia.