Chumvi ya Katwe na mpaka wa Ziwa Edward

Kutoka Vitshumbi, ukilikata Ziwa Edward kuelekea kaskazini-mashariki, utafika upande wa Uganda kwenye mlango wa mfereji wa Kazinga. Maji yake hutoka Ziwa George, mwendo wa kilomita 32 hivi. Mfereji wa Suez ulichimbwa kwa miaka 10, ukafunguliwa 1869. Kazinga haukuchimbwa na mtu. Lakini nao uliingia kwenye hesabu za wakoloni, na sababu ilikuwa chumvi.

Jirani na mlango huo ipo Katwe, ziwa dogo ndani ya shimo la volkeno. Hadi leo wachimbaji husimama humo maji yakiwafika kiunoni, wakibandua mabamba ya chumvi. Zamani chumvi hiyo ilisafirishwa kwa mitumbwi na vichwani mwa watu, ikafika mbali. Kwa hiyo Kabalega, mfalme wa Bunyoro, aliweka askari wake pale. Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard, akiitumikia kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, aliitwaa Katwe, akajenga ngome na kuiita George, kisha akamweka Kasagama kwenye kiti cha ufalme wa Toro. Kabalega alipoteza chumvi, na pamoja nayo sehemu kubwa ya nguvu zake.

Majina nayo yaliletwa kutoka Ulaya. Mwaka 1889 mpelelezi Stanley alilipa Ziwa Edward jina la mtoto wa Malkia Victoria. Mwaka 1925 Wabelgiji waliunda Hifadhi ya Albert, Virunga ya leo, kwa jina la mfalme wao. Ng'ambo, upande wa Uganda, Hifadhi ya Kazinga iliyoanzishwa 1952 ikapewa jina la Malkia Elizabeth miaka miwili baadaye. Mwaka 1973 Idi Amin, rais wa Uganda, naye akaliita Ziwa Edward kwa jina lake mwenyewe.

Lililodumu kuliko yote ni mapatano ya Brussels ya Mei 1910: Ubelgiji, Uingereza na Ujerumani waligawana nchi yetu, na mstari ukapita juu ya maji. Hakuna mvuvi wa hapa aliyeulizwa. Julai 2018 wanamaji wa Kongo na wa Uganda walipigana risasi juu ya ziwa hilo hilo. Mvuvi anayefuata samaki usiku hana namna ya kuuona mpaka huo. Hata hivyo akiupita, atakamatwa yeye na mtumbwi na nyavu zake.

Kinshasa na Kampala, wekeni maboya yenye taa kwenye mpaka huo, tena wavuvi wa pande zote mbili wawepo siku ya kuyaweka.