Uvujaji wa DNS: Kwa nini VPN ya nyumba nzima haitoshi, na jinsi ya kuziba ufa

Nyumba inaweza kuwa na VPN inayofanya kazi na bado ikaendelea kumjulisha mtoa huduma wa intaneti jina la kila tovuti inayofunguliwa ndani yake. Kasoro hiyo huitwa uvujaji wa DNS. Huwapata hasa watu walioihamisha VPN kutoka kwenye simu ya mtu mmoja na kuiweka katika ruta, ili ihudumie kompyuta, runinga na simu za familia nzima kwa pamoja.

Katika miji ya mpakani kama Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kasoro hiyo hupata nafasi zaidi: umeme hukatika na kurudi, ruta hutegemea laini ya simu, na kifaa kimoja huweza kuhama kutoka mtandao mmoja hadi mwingine mara kadhaa kwa siku. Kuiziba hakuhitaji mtaalamu, ila kunahitaji kuelewa ufa uko wapi.

DNS ni nini?

Kila kompyuta iliyo kwenye intaneti hutambuliwa kwa namba, yaani anwani ya IP. Binadamu hukumbuka majina. Mwaka 1983, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani Paul Mockapetris alibuni mfumo wa kuoanisha mambo hayo mawili, na ndio unaojulikana kwa kifupi kama DNS. Mtu anapoandika jina la tovuti, kifaa chake humwuliza kwanza karani wa mfumo huo, yaani seva ya DNS: jina hili lina namba gani? Karani akijibu, ndipo ukurasa unapoanza kufunguka.

Kwa kawaida karani huyo ni seva ya kampuni inayomuuzia mtumiaji intaneti, na swali husafiri bila kufichwa kupitia lango la mawasiliano namba 53. Yeyote aliye njiani anaweza kulisoma. Haoni yaliyoandikwa ndani ya ukurasa, lakini jina peke yake hueleza mengi: kliniki ya wagonjwa wa ukimwi, chama cha siasa, benki, kituo cha ushauri kwa waliopigwa nyumbani.

VPN hujenga handaki lililosimbwa kati ya nyumba na seva iliyo mahali pengine, ili mtoa huduma aone tu kwamba kuna mawasiliano, asijue yanakwenda wapi. Uvujaji hutokea pale maudhui yanapopita ndani ya handaki huku swali la DNS likipita nje. Ni sawa na mtu anayetia barua katika bahasha na kuipiga lakiri, kisha anasimama katikati ya posta na kuuliza kwa sauti anwani ya anayemwandikia.

Kwa nini jambo hili lina uzito Uganda?

Waganda wengi walilifahamu neno VPN kutokana na siasa na kodi. Tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi mkuu, mitandao ya kijamii na huduma za kutuma pesa kwa simu zilifungwa kwa amri ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianzisha kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Watumiaji wengi waliikwepa kodi hiyo kwa VPN, na UCC ikazitaka kampuni za mawasiliano kuzifunga VPN zenyewe. Mwezi Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 kwenye data ya intaneti.

Kabla ya hapo, Januari 2021, Facebook ilikuwa imeondoa akaunti ilizozihusisha na Wizara ya Habari na Mawasiliano ya Uganda. Tarehe 12 mwezi huo mitandao ya kijamii ilifungwa, na jioni ya tarehe 13, mkesha wa uchaguzi, intaneti yote ikazimwa. Ilirejea tarehe 18. Mitandao mingine ilifunguliwa mwezi Februari, lakini Facebook iliendelea kufungwa kwa miaka iliyofuata, na aliyeitaka akalazimika kutumia VPN. Miaka minne kabla ya kufungwa, mnamo Februari 2017, kampuni hiyo ilikuwa imetangaza pamoja na Airtel na BCS ujenzi wa karibu kilomita 770 za mkongo wa mawasiliano katika eneo hilohilo la kaskazini-magharibi mwa Uganda.

Mojawapo ya njia zinazotumiwa duniani kufunga tovuti ni kuiagiza seva ya DNS ya mtoa huduma isilijibu jina la tovuti hiyo, au ilijibu kwa uongo. Kwa hiyo nyumba yenye uvujaji hupata hasara mbili: siri yake hutoka nje, na tovuti iliyofungwa huendelea kukataa kufunguka ingawa taa ya VPN inaonyesha kila kitu ni shwari.

Hali ya Koboko

Wilaya ya Koboko ilimegwa kutoka wilaya ya Arua mwaka 2005. Inapakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo upande mmoja na Sudan Kusini upande mwingine, na barabara kuu kutoka Arua huipitia kuelekea kituo cha mpaka cha Oraba. Kikakwa, Kilugbara, Kinubi na Kiswahili husikika katika soko moja. Kambi ya Lobule, iliyo ndani ya wilaya hiyo, huwahifadhi wakimbizi wanaotoka hasa Kongo. Kwa mfanyabiashara anayevuka mpaka au mkimbizi anayewasiliana na jamaa waliobaki nyuma, kujulikana anafungua tovuti zipi si jambo dogo.

Eneo zima la West Nile lilikaa kwa miongo nje ya gridi ya taifa ya umeme, likitegemea jenereta, sola na, tangu 2012, mtambo mdogo wa maji wa Nyagak wenye megawati 3.5. Ruta ya nyumbani katika mazingira kama hayo huzimika na kuwaka mara nyingi kuliko ile ambayo watengenezaji wa VPN waliifikiria. Tena, simu iliyo karibu na mpaka huweza kunasa mnara wa nchi jirani.

Uvujaji huanzia wapi?

Chanzo cha kwanza ni ruta yenyewe. VPN ikishawekwa, ruta nyingi huendelea kutumia seva za DNS zilizopewa na mtoa huduma zilipojiunga na mtandao wake. Vifaa vya nyumbani huiuliza ruta, na ruta humwuliza karani yuleyule wa zamani.

Chanzo cha pili ni IPv6, toleo jipya la anwani za intaneti. VPN nyingi hubeba toleo la zamani tu, IPv4. Mtoa huduma akitoa zote mbili, maswali yanayotumia IPv6 hupita kando ya handaki.

Chanzo cha tatu ni vifaa vyenye karani wao wenyewe. Baadhi ya runinga janja na vifaa vya kuonyeshea filamu vimetengenezwa viulize seva ya Google yenye anwani 8.8.8.8 bila kujali ruta inasema nini. Ikiwa ruta hupitisha kila kitu ndani ya handaki, swali hilo halitaonekana kwa mtoa huduma, ila litafika kwa kampuni ambayo mwenye nyumba hakuichagua. Ikiwa runinga hiyo imeachwa nje ya VPN, swali hupita hadharani.

Chanzo cha nne ni kifaa kilichounganishwa na mitandao miwili kwa wakati mmoja. Windows 10 huweza kutuma swali lilelile kwa kila mtandao uliopo ili kupata jibu la haraka. Kompyuta iliyo kwenye Wi-Fi ya nyumbani huku ikiwa na modemu ya laini ya simu huweza kuvujisha kwa njia hiyo.

Chanzo cha tano ni dakika za mwanzo baada ya umeme kurudi. Ruta hupata intaneti kwanza, VPN hufuata baadaye. Katika muda huo simu na kompyuta zilizokuwa zikisubiri hutuma maswali yao yote nje ya handaki.

Hatua za kuziba

1. Kubadili karani. Katika mipangilio ya ruta, mtumiaji huzima uchaguzi wa kupokea DNS ya mtoa huduma na kuandika anwani ya seva ya DNS iliyotolewa na kampuni ya VPN, ambayo hufikika kupitia handaki. Wengine huchagua seva za umma kama Quad9 (9.9.9.9) au Cloudflare (1.1.1.1). Kwa wanaotumia WireGuard, sehemu iitwayo AllowedIPs inapaswa kuwa na 0.0.0.0/0 na ::/0, yaani anwani zote za IPv4 na za IPv6.

2. Kufunga njia ya nje. Ngome ya ruta, yaani programu inayoruhusu au kuzuia mawasiliano, huamriwa isipitishe chochote kutoka vifaa vya nyumbani kwenda intaneti isipokuwa kupitia handaki. VPN ikikatika, intaneti nayo hukatika badala ya kuvuja. Ruta zenye programu huria ya OpenWrt huruhusu pia maswali yote ya lango 53 yarudishwe kwa ruta, ili hata runinga yenye karani wake ilazimike kutii.

3. Kuishughulikia IPv6. Kama VPN haiibebi, ni salama zaidi kuizima kwenye ruta.

4. Kujiandaa kwa umeme kurudi. Hapa ndipo wengi hukwama. Ngome ikishafungwa, ruta haiwezi kuuliza namba ya seva ya VPN iliyoandikwa kwa jina, hivyo ni bora kuandika anwani ya IP ya seva hiyo moja kwa moja. Aidha, ruta nyingi za bei nafuu hazina betri ya saa. Zikizimika, husahau tarehe, na VPN huweza kukataa kuunganika kwa sababu saa imerudi nyuma. Ruhusa moja ya pekee hutolewa kwa ruta yenyewe ili ipate majira kutoka seva ya saa, nayo pia iandikwe kwa anwani ya IP.

5. Kuongeza kinga kwenye simu. Android kuanzia toleo la 9 ina mpangilio wa DNS ya faragha, unaosimba maswali hadi kwa karani aliyechaguliwa. Kinga hiyo humfuata mwenye simu hata anapoondoka nyumbani na kutumia data ya laini yake, ambako VPN ya ruta haifiki.

6. Kwenye kompyuta ya Windows yenye programu ya OpenVPN, agizo block-outside-dns huzuia maswali yanayotoka kwa mitandao mingine.

Jinsi ya kupima

Zipo tovuti za bure za kupima uvujaji, kama dnsleaktest.com na ipleak.net. Kwanza hufunguliwa VPN ikiwa imezimwa, na majina ya wamiliki wa seva za DNS yanayoonekana huandikwa pembeni. Kisha VPN huwashwa na kipimo hurudiwa. Jina la mtoa huduma wa intaneti wa nyumbani likiendelea kuonekana, kuna uvujaji.

Kipimo kifanywe kwa kila kifaa chenye kivinjari, si kwa kimoja tu. Kisha ruta ichomolewe kwenye umeme, irudishwe, na kipimo kirudiwe mara inapowaka. Nyumba nyingi hufaulu kipimo cha kwanza na kushindwa hiki cha pili.

VPN haifanyi nini?

VPN haiondoi haja ya kumwamini mtu, bali huihamisha. Asiyeonekana tena kwa mtoa huduma wa Uganda huonekana kwa kampuni ya VPN. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na wanasayansi, wakiwemo wa shirika la CSIRO la Australia, ulichunguza programu 283 za VPN za Android: asilimia 18 hazikusimba mawasiliano kabisa, asilimia 66 zilivujisha DNS na asilimia 84 zilivujisha IPv6. Zaidi ya theluthi zilikuwa na dalili za programu hasidi. Programu ya bure isiyoeleza inapata wapi fedha zake inastahili kutiliwa shaka.

VPN pia haisaidii intaneti yote inapozimwa, kama ilivyotokea Uganda kwa siku tano Januari 2021. Haimfichi mtu aliyeingia katika akaunti yenye jina lake. Baadhi ya benki huzuia miamala inayoonekana kutoka nchi nyingine.

Sheria nazo hutofautiana. Nchini Tanzania, mamlaka ya mawasiliano TCRA ilitoa agizo mwezi Oktoba 2023 likiwataka watumiaji wa VPN kutoa taarifa zao kabla ya mwisho wa mwezi huo. Anayesafiri na kifaa chenye VPN hunufaika kwa kujua taratibu za nchi anayoingia kabla ya kuvuka mpaka.

Kwa familia isiyo na muda wa kufanya yote haya kwa siku moja, kipimo kitangulie. Huchukua dakika chache, hakigharimu kitu zaidi ya data kidogo, na huonyesha ni hatua ipi kati ya hizo sita inayopaswa kuanza.