Wafungwa wa Tora waliozitengua fatwa zao

Tarehe 5 Julai 1997, mbele ya mahakama ya kijeshi nchini Misri, mshtakiwa mmoja alisimama na kusoma tangazo ambalo hakuna aliyelitarajia. Viongozi wa kundi la wapiganaji la al-Gama'a al-Islamiyya, waliokuwa wakitumikia vifungo virefu, waliwaamuru wafuasi wao wasitishe mashambulizi yote, ndani na nje ya nchi, bila masharti. Serikali haikuamini. Wanachama waliokuwa uhamishoni nao walidhani ni hila ya wakuu wa magereza.

Miezi minne baadaye wasioamini walipata hoja. Novemba 17, wafuasi wa kundi hilo wenye silaha waliingia katika hekalu la Hatshepsut, karibu na Luxor, wakaua watalii 58 na Wamisri 4.

Kundi hilo lilizaliwa vyuoni miaka ya 1970, hasa Asyut na miji mingine ya kusini. Karam Zuhdi na Nageh Ibrahim, waliokuja kuwa vinara wa mageuzi gerezani, walifungwa katika kesi zilizofuata kuuawa kwa Rais Anwar Sadat Oktoba 1981. Wao wakiwa ndani, wadogo zao waliobaki nje walipigana na dola karibu miaka yote ya 1990. Polisi, watalii na Wakopti waliuawa, na Juni 1992 mwandishi Farag Foda alipigwa risasi. Zaidi ya watu elfu moja walipoteza maisha.

Tusiipambe hadithi hii. Magereza ya Misri yalijaa mateso, maelfu walishikiliwa bila kesi, na mahakama za kijeshi ziliendelea kutoa hukumu za kifo. Kundi lilikuwa limeshindwa vitani na wananchi wamelichoka. Mtu anaweza kusema walitubu kwa kuwa walikuwa wamechapwa. Lakini wengi huchapwa wasibadilike, na gereza hilohilo la mateso ndilo lililowapika wengine wakatoka wakali kuliko walivyoingia. Cha pekee kwa wazee hawa wa gereza la Tora ni kwamba kushindwa kwao walikugeuza kuwa swali la fikihi: je, damu tuliyomwaga ilikuwa halali?

Jibu lilitoka mwaka 2002 katika vitabu vinne vya kusahihisha dhana zao. Walisema jihadi ni njia, si lengo. Ikileta madhara makubwa kuliko manufaa, haijuzu. Walikataa pia mtu kujipa mamlaka ya kumtoa Mwislamu mwenzake katika dini. Mwaka huohuo serikali iliwaruhusu viongozi hao wazunguke gereza hadi gereza, waketi na vijana wao na kujibu maswali. Makram Muhammad Ahmad, mhariri wa jarida la al-Musawwar, aliruhusiwa kushuhudia na kuchapisha.

Hapo ndipo ninapoona siri ya jambo lenyewe. Shehe wa serikali angetumwa kwa vijana wale, wangemsikiliza kwa adabu na kumpuuza, kwa sababu hajawahi kulala sakafuni pamoja nao. Zuhdi alikuwa amelala. Mwaka 2003 alifika mbali zaidi, akaliambia gazeti la Asharq al-Awsat kwamba Sadat alikufa shahidi. Septemba mwaka huo aliachiwa huru baada ya miaka 22, na maelfu ya wafuasi wakafuata. Dola nayo iliitikia kwa vitendo. Bila hilo, vitabu vile vingebaki karatasi tu.

Mwaka 2007 Sayyid Imam al-Sharif, aliyewahi kuliongoza kundi la Jihad na kuandika vitabu vilivyosomwa katika kambi za Afghanistan, naye alitoa waraka akiwa kifungoni. Miongoni mwa hoja zake: viza ya mgeni ni mkataba wa amani, hivyo kumwua ni khiyana. Ayman al-Zawahiri wa al-Qaeda alijibu kwa kitabu kizima. Hatumii nguvu kiasi hicho mtu asiyeguswa.

Saudi Arabia ilijaribu kuwabadili wafungwa wake kwa njia nyingine kuanzia 2004: wanazuoni wa serikali, wanasaikolojia, fedha, ajira, hata msaada wa kuoa. Wengi walitulia. Ila Said al-Shihri, aliyepitia mpango huo baada ya kutoka Guantanamo, alijitokeza Yemen Januari 2009 akiwa naibu kiongozi wa tawi la al-Qaeda. Agosti mwaka huohuo kijana aliyejifanya anataka kutubu alijilipua mbele ya Mwanamfalme Mohammed bin Nayef, msimamizi wa mpango wenyewe, aliyenusurika.

Kwetu Afrika Mashariki, Kenya ilitangaza Aprili 2015 msamaha wa siku 10 kwa vijana waliojiunga na al-Shabaab, siku chache baada ya watu 148 kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Mashirika ya haki za binadamu yameandika habari za vijana waliorejea Pwani kisha wakauawa au kutoweka, na za familia zilizoficha watoto wao zikiogopa al-Shabaab na vyombo vya dola pia. Mzazi wa Kwale au Likoni hawezi kumwambia mwanawe ajisalimishe ikiwa hajui atapelekwa wapi. Basi kabla ya kutangaza msamaha mwingine, serikali iweke sheria inayosema wazi nani atampokea anayerudi, atashtakiwa kwa lipi, na nani atawajibika akitoweka.