Kirangozi na Rubani

Mtu wa Ziba, katika Wilaya ya Igunga, hahitaji kufundishwa kwamba mvua hubadili njia. Nyika ya Wembere, inayopitika kwa miguu wakati wa kiangazi, masika hugeuka kinamasi. Basi nchi hii ya Unyamwezi, iliyotoa wapagazi wengi wa karne ya 19 kwa njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, ilikuwa na desturi yake ya kuamua safari.

Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, ameshika bendera. Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika kuwa mtu aliyempita kirangozi njiani alitozwa faini. Lakini heshima hiyo ilikuwa na mpaka. Msafara ukipiga kambi, wapagazi waliketi shaurini wakanena juu ya mwendo, maji na chakula. Na wakikataa kuondoka, hapana mzigo ulioinuka.

Suala hilohilo la amri na kauli limewakabili marubani. Desemba 1978 ndege moja iliishiwa mafuta karibu na Portland, Marekani, hali rubani mkuu ameshughulika na hitilafu ya magurudumu, na wasaidizi wake hawakumwonya kwa nguvu ya kutosha. Watu 10 walikufa. Mwaka uliofuata shirika la NASA liliitisha mkutano juu ya jambo hilo, na kutoka hapo yakakua mafunzo ya ushirikiano wa marubani.

Hata hivyo mafunzo ni kitu kimoja, na mazoea ni kingine. Usiku wa tarehe 6 Agosti 1997, ndege ya Korean Air ilikuwa ikishuka kisiwani Guam penye mvua. Chombo cha kiwanja cha kuongoza mteremko kilikuwa kimezimwa kwa matengenezo, na rubani mkuu akaishusha ndege kupita kiasi. Msaidizi alitamka kwamba waache kutua, lakini zilikuwa zimebaki sekunde chache tu. Ndege ikapiga kilima. Wakafa watu zaidi ya 220. Wachunguzi walitaja kosa la rubani mkuu, uchovu wake, na pia wasaidizi wake kutomsimamia ipasavyo.

Kwetu nasi swali hili si la mbali. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyokuwa ikitua Bukoba katika hali mbaya ya hewa ilianguka Ziwa Viktoria. Kati ya watu 43, walikufa 19, na marubani wote wawili wamo. Si kazi ya insha hii kuwahukumu marehemu. Yatosha kukumbuka jinsi uamuzi wa kutua ulivyo mzito.

Huenda mtu akasema kuwa shauri la kambini halifai angani, kwani wapagazi walikuwa na usiku kucha, na rubani hana hata dakika. Ni kweli, na kwa sababu hiyo shauri la marubani halina budi kutangulia hatari. Kabla ya kushuka wapatane kimo ambacho, wasipokiona kiwanja, watapaa tena. Na wapatane kuwa yeyote kati yao akisema "tupae," mwenzake atapaa kwanza na kuuliza baadaye. Hapo mdogo hamvunjii mkubwa heshima, kwa maana mkubwa mwenyewe amekwisha kumpa kauli hiyo mapema.