Ukiondoka, Lijifunge: Safari ya Kufuli Lisilo na Waya

Nenosiri huulizwa mara moja. Asubuhi unafungua laptopu, unaandika herufi zako za siri, na kuanzia hapo mashine inaamini kwamba kila kidole kinachogusa kibodi ni chako. Ukienda msalani, inaendelea kuamini. Ukitoka nje kumpokea mgeni, inaendelea kuamini. Hata ikibebwa na mtu mwingine kabisa, mradi kioo hakijazima, itamfungulia barua zako, picha zako na hesabu za kazini bila swali. Udhaifu huu ni mkongwe kuliko simu janja. Jitihada za kuuziba zimezaa vifaa vingi vidogo vya kuvaliwa mkononi, shingoni au kiunoni, vyote vikiwa na kazi moja: kuiambia mashine, kwa mawimbi yapitayo hewani, kwamba mwenye mali yupo au ameshaondoka.

Wengi wakisikia habari za ufunguo wa namna hii hudhani ni anasa ya watu waliochoka kuandika nenosiri. Mimi naona thamani yake kubwa haiko katika kufungua. Iko katika kufunga, tena kufunga bila mwenyewe kukumbuka, kwa sababu mtu aliyeitwa ghafla hakumbuki.

Wazo lenyewe lilianza bila kufuli lolote. Kati ya 1989 na 1992, katika maabara ya utafiti ya kampuni ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, Roy Want, Andy Hopper na wenzao walitengeneza beji ya mraba ya milimita 55 kwa 55, nene milimita 7, yenye uzito wa gramu 40. Kila baada ya sekunde 15 beji ilitoa mmweko mfupi wa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, uliobeba namba ya aliyeivaa. Vipokezi vilivyofungwa vyumbani viliunasa, na mpokea simu wa ofisi akajua mtu fulani yuko chumba gani ili amuunganishie simu huko huko. Kwa mara ya kwanza jengo zima lilijua watu wake walipo bila wao kubonyeza kitu.

Beji ile ilikuwa na sifa moja ambayo waliofuata walikuja kujutia kuikosa. Mwanga wa infraredi haupenyi ukuta. Kipokezi kikiunasa, basi mtu yumo chumbani humo humo, hakuna ubishi. Ukuta wenyewe ulifanya kazi ya kupima umbali. Redio ilipochukua nafasi ya mwanga, kipimo hicho kikapotea, na historia iliyobaki kwa sehemu kubwa ni hadithi ya kukitafuta upya.

Kufuli la kweli lilifika Septemba 2002, Atlanta, Marekani, kwenye mkutano wa kisayansi wa MobiCom. Mark Corner, wakati huo mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Michigan, na mwalimu wake Brian Noble, walieleza mfumo ambao mtumiaji wake hafanyi lolote. Anavaa kifaa kidogo, kwa mfano saa ya mkononi, na kifaa hicho huzungumza kwa redio na laptopu yake. Saa waliyoifikiria haikuwa tayari, hivyo katika majaribio walitumia kompyuta ya kiganjani aina ya iPAQ mahali pake.

Inafaa kukiangalia kwa karibu walichokifanya, maana wengi waliokuja baadaye walichukua nusu yake tu. Faili zote kwenye diski ya laptopu zilikuwa zimesimbwa, yaani zimegeuzwa kuwa fujo isiyosomeka pasipo ufunguo. Funguo za faili zilikaa kwenye laptopu, lakini nazo zikiwa zimesimbwa, na kilichoweza kuzisimbua ni kifaa cha mwilini peke yake. Kila mara laptopu iliuliza hewani: upo? Kifaa kikajibu: nipo. Sasa mwenyewe ananyanyuka na kuondoka. Swali linatoka, jibu halirudi. Laptopu haiishii kuzima kioo. Inaanza kusimba upya kila faili iliyokuwa wazi kwenye kumbukumbu yake na kufuta funguo ilizokuwa imezishika. Ndani ya sekunde 5, hata kumbukumbu ikiwa imejaa kabisa, mwizi anayeifikia meza ile anabeba chuma na plastiki tu. Akiing'oa diski na kuipachika kwenye mashine nyingine, anakuta fujo ile ile. Mwenyewe akirudi, kila kitu kinarejea baada ya sekunde 6 na ushei, mara nyingi kabla hajavuta kiti. Gharama ya ulinzi wote huo katika kazi za kawaida ilikuwa kuipunguzia kompyuta kasi kwa asilimia 9.3.

Na saa ikiibiwa? Walilifikiria. Mvaaji aliithibitishia saa yenyewe kwamba yeye ndiye, ila mara chache, kama vile mara moja kwa siku. Swali la nenosiri halikufutwa. Lilihamishwa kutoka kwenye kitu kinachoachwa mezani kwenda kwenye kitu ambacho mtu haachani nacho.

Sokoni mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Bluetooth, iliyoanzia kwa wahandisi wa Ericsson huko Lund, Uswidi, mwaka 1994, ilikuwa imeingia kwenye simu nyingi kufikia katikati ya muongo wa 2000. Watu wa Linux wakaandika programu kama BlueProximity: simu ikiwa mfukoni, kompyuta inapima nguvu ya mawimbi yake; yakidhoofika, inafunga kioo. Wazo zuri, kipimo kibovu. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo maji huyanyonya, na mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Ukiwa umeketi na simu ikiwa mfuko wa nyuma wa suruali, kompyuta hudhani umekwenda mbali. Ukiwa chumba cha pili nyuma ya ukuta mwembamba, hudhani upo. Mtu akifungiwa kioo mara kadhaa huku bado anaandika, anaizima programu na kurudia mazoea yake ya zamani.

Kisha ukaja msimu wa 2013 na 2014, wakati makampuni ya simu yalipohesabu sekunde. Motorola ilisema mtumiaji wa kawaida hufungua simu yake mara 39 kwa siku, na kila mara hutumia sekunde 2.3. Ukizidisha unapata dakika moja na nusu kwa siku nzima. Kwa ajili ya dakika hiyo na nusu ilitengeneza kibanio cha kuchomekwa kwenye nguo kilichoitwa Skip: ukigusisha simu ya Moto X hapo, inafunguka. Mwaka uliofuata, kwa ajili ya simu hiyo hiyo, ikaja stika ya kubandikwa kwenye ngozi kama tatuu, iliyotengenezwa na kampuni ya VivaLnk. Pakiti ya stika 10 iliuzwa karibu dola 10, na kila moja ilidumu siku 5 hata kwa mtu anayeoga na kuogelea. Ni ufundi wa kupendeza, lakini angalia kilichodondoka njiani: vyote viwili vilifungua tu. Havikujua umeondoka lini.

Google iliingia mwaka huo huo wa 2014 na Android 5.0, ikiruhusu simu ibaki wazi muda wote inapokuwa karibu na kifaa cha Bluetooth ulichokiamini, iwe saa au redio ya gari. Apple ikafuata 2016 kwa kuifanya saa yake ifungue kompyuta za Mac. Microsoft mwaka 2017 ilichagua upande ambao mimi nauheshimu zaidi: Windows 10 ilijifunga yenyewe simu ya mwenye kompyuta ilipotoweka, kwa kusubiri kama nusu dakika, lakini haikujifungua. Kutoweka kwa simu kulitosha kufunga. Kuwepo kwake hakukutosha kufungua.

Tahadhari hiyo ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni ya zamani kuliko vifaa hivi vyote. Mwaka 1976 mwanahisabati John Conway alieleza jinsi mtu asiyejua chesi anavyoweza kucheza kwa barua na mabingwa wawili kwa wakati mmoja na asifungwe na wote wawili. Anachukua hatua ya bingwa wa kwanza, anaituma kwa wa pili. Jibu la wa pili analirudisha kwa wa kwanza. Mabingwa wanacheza wao kwa wao bila kujua. Mwaka 1987 Yvo Desmedt na wenzake walionyesha kwamba hila hiyo hiyo inavunja mifumo ya kuthibitisha utambulisho hata kama hesabu zake hazina dosari, na ikapata jina la udanganyifu wa mafia.

Ufunguo wa redio, uwe wa kompyuta au wa gari, ni windo rahisi la hila hii. Mwizi mmoja anasimama kando ya gari lililoegeshwa, mwenzake anapita karibu na mkoba wa mwenye gari ndani ya duka. Gari linauliza: upo? Wa kwanza analinasa swali na kulirusha kwa wa pili, wa pili analipeleka kwenye ufunguo uliomo mkobani, ufunguo unajibu kwa uaminifu wote, na jibu linarudi njia ile ile. Siri haikuvunjwa wala hakuna kilichokisiwa. Mlango unafunguka. Mwaka 2011 watafiti wa ETH Zurich, Aurélien Francillon, Boris Danev na Srdjan Capkun, walichapisha matokeo ya kujaribu magari 10 ya watengenezaji 8. Yote yalifunguka.

Dawa ilikuwa imeshaandikwa mwaka 1993 na Stefan Brands na David Chaum: usipime nguvu ya mawimbi, pima muda. Nguvu inaweza kuongezwa kwa kipaza mawimbi, lakini hakuna mwizi anayeweza kuyaharakisha mawimbi kupita kasi ya mwanga. Jibu likichelewa kuliko inavyopasa, mjibuji yuko mbali. Ugumu uko kwenye saa. Mwanga husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde moja, hivyo chipu inayotaka kumtofautisha mtu aliyeketi mezani na aliye mlangoni lazima ihesabu vipande vya muda ambavyo elektroniki za bei nafuu za miaka ya 1990 hazikuviweza.

Matokeo ya kulipuuza hili yalionekana Mei 2022, Sultan Qasim Khan wa kampuni ya NCC Group alipofungua gari la Tesla Model 3 kwa kurusha mawasiliano ya Bluetooth kutoka kwenye simu iliyokuwa mbali. Mitambo yake iliongeza ucheleweshaji wa milisekunde 8 hivi, na gari halikushtuka. Ndani ya milisekunde 8 mawimbi ya redio husafiri kilomita 2,400, ambazo zinatosha kutoka Dar es Salaam hadi Kigali na kurudi. Gari liliuhesabu umbali wa namna hiyo kuwa ni hapo kando ya mlango.

Apple ilikuwa imeliona tatizo mapema. Mfumo wake wa 2016 wa kufungua Mac kwa saa ulipima muda wa mawimbi kwenda na kurudi badala ya nguvu yake. Septemba 2024 toleo la 6.0 la Bluetooth lilileta njia ya kupima umbali iliyojengwa ndani ya kiwango chenyewe. Baada ya miaka zaidi ya 30, kile ambacho ukuta wa Cambridge ulifanya bure kinarudi kwa hesabu za nanosekunde.

Google, kwa upande wake, ilirudi nyuma. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, kifaa kilichoaminiwa hakiwezi tena kufungua simu iliyokwisha kufungwa. Kinaweza tu kuiacha wazi kwa muda, usiozidi saa 4.

Saa 4 ni nyingi mno kwa mtu aliyesimama kituo cha daladala Ubungo au anayetembea Moi Avenue, Nairobi, simu sikioni. Kwetu simu ndiyo pochi. M-Pesa ilianza Kenya 2007 na Tanzania 2008, na kibaka wa pikipiki anayeikwapua simu ikiwa wazi hachukui kifaa tu. Pesa zina namba yake ya siri, ndiyo, lakini jumbe zote ziko wazi, zikiwemo zile zenye tarakimu za kuthibitisha akaunti nyingine, na majina ya jamaa wote wanaoweza kuombwa pesa kwa jina lako. Kumwambia mtu huyu anunue saa ya kulinda simu, wakati saa yenyewe huenda ikazidi bei ya simu, ni kutomtendea haki.

Ndiyo maana naipa uzito hatua ya 2024, Google ilipotangaza kufuli la wizi kwa simu za Android 10 na kuendelea, lililojaribiwa kwanza Brazil, ambako ukwapuaji wa simu ni kero kubwa. Halihitaji kifaa cha pili. Vihisi vya mwendo vilivyomo ndani ya simu hutambua mnyakuo wa ghafla unaofuatwa na kukimbia, pikipiki au gari, na kioo hujifunga. Kwenye simu nyingi linapatikana ndani ya mipangilio, sehemu ya huduma za Google, chini ya ulinzi dhidi ya wizi.

Hata hivyo kinachofungwa ni kioo. Ndani, funguo za sehemu kubwa ya data hubaki kwenye kumbukumbu tangu simu ilipofunguliwa mara ya kwanza baada ya kuwashwa, na mwenye mitambo ya kutosha anaweza kuzifuata huko. Kwa hilo, Apple mwishoni mwa 2024 na Google mwaka 2025 waliweka utaratibu wa simu kujizima na kujiwasha upya ikikaa bila kufunguliwa, ili funguo zifutike. Muda wa kusubiri ni siku 3. Laptopu ya Michigan ilifanya hivyo kwa sekunde 5, kwa chipu za 2002. Chipu za leo zina nguvu mara nyingi zaidi na zina vihisi ambavyo Corner hakuwa navyo, kwa hiyo sioni sababu ya kiufundi ya mwenye simu kuendelea kusubiri siku 3.