Mahame ya Kua na Neema ya Kusoma

Mtu aliyeshiba hukumbuka njaa, na aliyepona hukumbuka ugonjwa. Lakini ajuaye kusoma ni vigumu akumbuke siku zile alipoitazama karatasi asione ila alama nyeusi juu ya weupe. Neema ya kusoma na kuandika huingia katika nafsi ya mtu ikachanganyika nayo, hata ikawa kama macho yake mwenyewe. Na ni nani ashukuruye macho kabla hayajauma? Kwa sababu hiyo wasomi, ambao imewapasa kushukuru kuliko watu wote, mara nyingi ndio washukuruo kidogo. Nia ya insha hii ni kuipima neema hiyo kwa mizani ya historia, na mahali palipochaguliwa kwa kazi hiyo ni Kua, katika visiwa vya Mafia.

Mahame ya Kua yamo kisiwani Juani, jirani na Chole, upande wa kusini-mashariki wa kisiwa kikubwa cha Mafia. Hapo yamesimama hata leo mabaki ya jumba la ghorofa, misikiti kadhaa, makaburi, na nyumba za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa. Mizizi ya miti imezikumbatia kuta, na katika sehemu nyingine mizizi ndiyo inayozizuia zisianguke. Mji huu ulikuwa katika fahari yake katika karne ya 18, na mtu apitaye leo kati ya kuta zake hahitaji kuambiwa kwamba hapo waliishi watu wenye mali, ufundi na ibada.

Lakini tukiuliza watu hao walikuwa nani, walipendana na nani na kugombana na nani, jawabu hutujia kwa ndimi. Masimulizi ya Mafia hutaja uadui uliokuwapo kati ya Kua na Kisimani, mji mwingine wa kale wa visiwa hivyo. Yasemwa kwamba siku ya kushusha chombo kipya majini, watoto wa mji mmoja walikamatwa wakalazwa mchangani, na chombo kikapitishwa juu yao. Miaka ikapita. Waliotendewa wakaficha uchungu wao, kisha wakawaalika waliotenda kwenye karamu ya harusi, wakawaingiza katika chumba, na mlango ukajengwa kwa mawe wageni wangali ndani. Baadaye, katika miaka ya 1820, na mwaka utajwao zaidi ni 1829, Wasakalava kutoka Bukini waliushambulia mji wa Kua, wakaubomoa na kuwachukua watu wake mateka. Sayyid Said alipeleka jeshi kuwafuatia wavamizi hao. Mji haukuinuka tena, na Chole ikachukua nafasi yake.

Masimulizi haya ni hazina, wala hapana haki kuyadharau kwa sababu hayakutoka kitabuni. Kumbukumbu ya wazee ndiyo iliyoyavusha vizazi vingi. Lakini hazina iliyo kinywani ina mlinzi mmoja tu, na mlinzi huyo hufa. Tena kila asimuliaye huongeza pumzi yake: huyu huzidisha idadi ya mitumbwi ya maadui, yule hulaumu mji huu, na mwingine hulaumu mji ule. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila khabari. Neno hilo lilisemwa juu ya biashara, lakini lafaa kwa miji pia.

Tazama kusini kidogo tu, Kilwa. Katika jumba la kumbukumbu la Goa, India, zimehifadhiwa barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa lugha ya Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Nazo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili tuliyo nayo. Kadhalika Kilwa ina khabari zake zilizoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, na nakala yake moja Sultani Barghash alimpa John Kirk, balozi wa Uingereza, mwaka 1877. Hata Mafia imetajwa katika khabari hizo. Basi jambo hili litufikirishe: sehemu ya khabari za kale za Mafia imetufikia katika kitabu cha jirani. Asiyeandika khabari zake huandikwa na mwingine, na aandikwaye na mwingine huonekana kwa ukubwa ambao mwingine amempimia.

Hapa ni lazima tujihadhari na kosa moja. Si haki kusema kwamba watu wa pwani walikuwa gizani mpaka waliposhushiwa taa na wageni. Msikiti hauwi bila msomaji, na Kua ilikuwa na misikiti. Vyuo vya Kurani vilifundisha herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya skuli ya kwanza ya serikali ya Wajerumani, na kwa herufi hizo watu waliandikiana barua, mikataba na wasia. Wajerumani walipotawala, na Waingereza baada yao, herufi za Kilatini zilichukua nafasi katika ofisi na skuli. Kiswahili sanifu kilichosimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kiliandikwa kwa herufi hizo. Mzee aliyeweza kumwandikia ndugu yake barua ya kurasa mbili alijikuta, mbele ya meza ya karani, hana alijualo. Hakupoteza elimu yake. Mlango tu ndio uliohamishwa. Basi anayehesabu wajinga na ahesabu kwa adabu, kwani wengine katika hesabu yake walikuwa wasomi wa herufi nyingine.

Hata hivyo, waliokosa herufi zote walikuwa wengi mno. Tanzania Bara ilipopata uhuru mwaka 1961, sehemu kubwa ya watu wazima hawakuweza kusoma wala kuandika. Rais Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, akieleza kwamba taifa haliwezi kuwangoja watoto wakue ndipo liendelee. Kisha zikachaguliwa wilaya sita ambazo ujinga wa kutojua kusoma ulitakiwa ukomeshwe kabla ya kwisha mwaka 1971, na Mafia ilikuwa mojawapo. Nchi ile ile iliyobeba mahame ya Kua ikawa miongoni mwa za kwanza kuitwa darasani. Mnamo Septemba mwaka 1971 mkutano mkuu wa TANU uliagiza kampeni ienee nchi nzima hadi mwaka 1975.

Madarasa hayo, ambayo watu waliyaita ngumbaru, yalikutana aghalabu alasiri, baada ya kazi za shamba na bahari, katika skuli za watoto au chini ya miti. Waliofundisha walikuwa walimu wa skuli, na pamoja nao wengi wa kujitolea, hata vijana waliomaliza darasa la saba. Hebu tuzingatie heshima iliyowekwa rehani hapo: mtu mzima, mwenye mke au mume, mwenye wajukuu labda, akiketi mbele ya kijana na kutamka silabi kwa sauti. Ulihitajika ujasiri usiopungua wa nahodha. Mwezi wa Agosti mwaka 1975 ulifanywa mtihani wa taifa, na ikakadiriwa kwamba wasiojua kusoma walikuwa wamepungua kutoka watu 67 katika kila 100 hadi 39. Kufikia mwaka 1986 walikadiriwa kuwa karibu 10.

Hesabu hizo ni kubwa, lakini neema yenyewe hukaa katika mambo madogo. Kabla ya kujua kusoma, mama aliyepata barua kutoka kwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam ilimbidi amtafute msomaji. Siri ya nyumba ilipita katika kinywa cha jirani kabla ya kufika katika sikio la mwenyewe. Na jawabu nalo lilipita katika mkono wa mtu mwingine, ambaye huenda alilifupisha kwa uvivu au kulipamba kwa ubingwa. Mwenye minazi aliyepeleka mbata mizanini alipokea karatasi asiyoweza kuihoji. Mdaiwa alitia alama ya kidole gumba chini ya maneno ambayo hakuyajua, akarudi nyumbani akiomba tu kwamba karani awe mwaminifu. Kutojua kusoma si kukosa akili. Ni kulazimika kuamini. Na ajuaye kusoma amepewa uhuru wa kuchagua nani wa kumwamini.

Ikiwa hiyo ndiyo neema, shukrani yake ni nini? Wengine hudhani yatosha kumtaja mwalimu kwa wema. Hilo ni jema, lakini ni haba. Elimu ya herufi ina desturi ya kumtoroka asiyeitumia: ilionekana mapema kwamba mtu aliyefaulu mtihani, asipate gazeti wala kitabu, husahau. Ndiyo maana yalianzishwa maktaba za vijijini na gazeti la *Elimu Haina Mwisho* la Mwanza. Lakini fedha zilipopungua, madarasa yalififia, na ujinga uliofukuzwa ukarudi kimya kimya. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba, katika watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, wajuao kusoma na kuandika walikuwa kama 78 katika kila 100. Maana yake, zaidi ya mtu mmoja katika kila watano alikuwa bado akisomewa barua yake. Shukrani isiyofundisha mwingine ni deni lisilolipwa.

Kuna sehemu ya pili ya deni hilo, nayo yawahusu hasa wanafunzi na walimu wa lugha. Bahari na mizizi vinaendelea na kazi yao juu ya kuta za Kua, na wazee wa Juani na Chole wanaozijua khabari zake hawaishi milele. Wajukuu wa wale walioketi ngumbaru mwaka 1971 wanajua kuandika. Kalamu waliyorithishwa ilinunuliwa kwa ujasiri wa watu waliokubali kuonekana wajinga mbele ya watoto wao. Basi na wakae chini na wazee wao, waandike wasikiayo, kila simulizi pamoja na jina la msimulizi na tarehe yake, hata zile zinazopingana. Atakayekuja baadaye atazipima. Lakini hatapima kisichoandikwa.