Mganda (ngoma)

Mganda ni ngoma ya kikundi inayochezwa na wanaume katika Umatengo (Mbinga) na mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, Tanzania. Nchini Malawi huchezwa na Wachewa. Watonga wa huko wana ngoma ya jamii hiyohiyo iitwayo malipenga.

Asili
Mganda ulitokana na beni, ngoma ya mashindano iliyoanza katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi. Ulienea kandokando ya ziwa baada ya askari kurejea kutoka Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918).

Uchezaji
Wachezaji waliovaa sare hujipanga safu, wakipiga hatua na kugeuka kwa pamoja kama kwenye gwaride. Badala ya tarumbeta hutumia vibuyu vyenye tundu lililozibwa kwa utando wa buibui; mchezaji akiimba ndani yake, utando hutetema na kukwaruza sauti. Ngoma kubwa hushika mapigo. Viongozi hupewa vyeo vya kijeshi na vya kiserikali.

Nafasi katika jamii
Vikundi vya vijiji hualikana kushindana wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Wanawake wana ngoma yao, kioda. Mganda si ngoma ya ibada, tofauti na gule wamkulu ya Wachewa, inayochezwa kwa vinyago na wanachama wa chama cha siri cha nyau katika mazishi na jando, na iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2008.